Nyigu wa Chupa ya Jamleck

Cheruto hajawahi kunywa chai yangu bila kuinusa kwanza. Nimemuuzia chai tangu kibanda changu kilipokuwa mabati machache na jiko moja, na kila asubuhi ni yale yale: anapokea kikombe, anakiinua mpaka puani, anatulia kidogo, halafu ndipo anakunywa. Mwanzoni nilikasirika. Nikamuuliza kama anadhani nimemwekea sumu. Akasema hapana, anadhani nimeweka maji mengi. Na kweli nilikuwa nimeweka, lakini hilo halimhusu.

Mimi ni Wangechi, na kibanda changu kiko hapa Tegat, juu ya Njoro, kwenye barabara ya vumbi inayopanda kuelekea msituni. Mkabala nami ni stendi ya maziwa ya sosaiti, chama chetu cha ushirika, na Cheruto ndiye karani wake. Mtu wa mjini akisikia karani anawaza kiti na kalamu. Karani wetu husimama. Wakulima wanakuja asubuhi na mikebe yao, wanapanga foleni, naye anafungua kifuniko, ananusa, anakoroga, anachovya kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Kikizama kupita alama yake, maziwa yana maji. Kisha anachukua kidogo, anachanganya na spiriti kwenye kichupa na kutikisa. Yakigandamana, yameanza kuchacha. Yote hayo hufanywa mbele ya mwenye maziwa, macho kwa macho. Ukirudishiwa mkebe wako, unarudishiwa foleni nzima ikikutazama, na aibu hiyo haitoki kwa kunawa uso.

Amewarudishia wengi. Amemrudishia mchungaji wa kanisa letu. Amemrudishia mama yake mzazi, marehemu Jepkoech, mbele yetu sote, na mama akajitwika mkebe akaenda zake bila kugeuka nyuma. Nilimwambia, Cheruto, huyo ndiye aliyekuzaa. Akanijibu kwamba maziwa yametoka kwa ng'ombe, si kwa mama.

Hapa Tegat tunaongea Kikalenjin, Kikuyu na Kiswahili, na tunashukiana kwa lugha zote hizo. Karani wa namna yake alitufaa, ingawa hatukumpenda, kwa sababu yeye alitushuku sote sawasawa. Aliyempenda kidogo kuliko wote alikuwa Jamleck, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, yaani yule tuliyemchagua aangalie usalama wa majirani. Jamleck ana ng'ombe wazuri, ana mahindi mazuri, na ana kisima kizuri. Cheruto daima aliona kuna undugu wa karibu mno kati ya kile kisima na wale ng'ombe.

Basi mwaka jana mvua ndefu zikaja na viwavijeshi. Ukipasua moyo wa mche wa mahindi ulimkuta mmoja amejikunja humo na kinyesi chake kama unga wa msumeno. Watu walipulizia dawa jioni, wakapulizia tena, na majani yakaendelea kutoboka. Kila mtu alikuwa na hasira na hakuna aliyejua amkasirikie nani.

Katika hali hiyo akatokea Hemali. Alikuja na gari dogo kuukuu na viatu vilivyojaa matope, msichana wa Kihindi wa Nakuru mjini. Babu yake Dhirajlal alikuwa na duka la vitambaa, na sare yangu ya shule ya msingi ilitoka humo, kwa hiyo nilijua ni wa wapi. Lakini kujua mtu ni wa wapi si kumwamini. Alisema anatafuta nyumba yenye stima iliyo karibu na mahindi, atundike kitambaa cheupe chini ya taa, kwa sababu anasomea nyigu wanaoruka gizani. Tuliangaliana. Nani anaacha mji mzima akaja kutafuta nyigu? Hapa kwetu mgeni akisema anatafuta wadudu, tunakwenda kuhesabu vigingi vya mipaka. Mimi vyangu nilivihesabu siku hiyo hiyo.

Nyumba iliyofaa ilikuwa ya Cheruto. Anaishi peke yake ukingoni mwa mashamba, mumewe alishafariki, na mwanawe Kipkorir ni fundi wa malori kule Mai Mahiu. Alimpokea Hemali jinsi anavyopokea mkebe asioujua. Aliomba kitambulisho. Alifungua mfuko wake, akatoa kichupa kimoja kimoja na kunusa. Alipofika kwenye kimoja akasimama, kwa maana ilikuwa spiriti, harufu ya kazi yake mwenyewe. Nadhani hapo ndipo alipolegea kidogo. Akampa sharti moja tu: chochote atakachofanya hapo, akifanye Cheruto akiona.

Giza lilipoingia, nami nilikuwepo, kwani shingo nimepewa ya nini kama si ya kuchungulia? Wadudu walikuja kwenye kitambaa kwa fujo, na kati yao wale nyigu tuliokuwa tukiwaona kwenye ukuta wa Cheruto tangu zamani. Ni wembamba, rangi ya chai ya rangi, miguu mirefu, tumbo limepinda kama mundu, na macho makubwa meusi yaliyojaa kichwa chote. Cheruto alisema anawajua, wote ni aina moja, wanapenda taa. Hemali hakubisha. Alimkamata mmoja, akamweka chini ya kioo cha kukuzia, akamwita Cheruto.

"Auntie, angalia hapa kwa bawa. Unaona hivi vipande viwili kama vya asali?"

Cheruto akasema anaviona.

"Sasa angalia huyu mwingine."

Cheruto aliangalia. Akarudi kwa wa kwanza, akarudi tena kwa wa pili. Bawa la wa pili lilikuwa tupu. Alinyanyua kichwa, na usoni niliona hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyeuziwa maji miaka yote. Wadudu hao walikuwa wamekaa ukutani kwake wakivaa sare moja, naye hakuwahi kuwauliza.

Hemali alimweleza taratibu, nami nikasikiliza nikijifanya natafuta leso. Wale wenye bawa tupu ni ukoo mmoja unaojulikana, na ukimbana mmoja anakudunga. Wale wenye vipande vya asali ni ukoo mwingine, mkubwa, wenye aina nyingi. Na hawa wa Tegat walikuwa na jambo lao: pembeni mwa vile vipande viwili palikuwa na cha tatu, kidogo kama chembe ya vumbi, mahali ambapo Hemali hajawahi kukiona kwa nyigu yeyote. Alishuku ni aina isiyo na jina bado. Lakini kushuku hakutoshi. Nyigu hawa hutaga yai ndani ya mwili wa kiwavi, buu akaanguliwa humo na kumla kiwavi kutoka ndani, mpaka siku ya kujisukia kifuko udongoni. Ili kumpa mdudu nafasi yake kwenye ukoo, ni lazima ijulikane alilelewa na kiwavi yupi, na lazima aonekane akitoka. Bila hivyo, alisema Hemali, ni maneno matupu.

Maneno matupu! Hiyo ndiyo lugha ya Cheruto. Tangu siku hiyo alishikwa. Hemali alirudi mjini kwenye kazi yake, akawa anapanda kila mwisho wa wiki, na katikati Cheruto alifanya kazi peke yake. Alikusanya chupa za jemu, akazifunga vipande vya chandarua mdomoni, akatia udongo kidogo na kiwavi mmoja kila chupa, maana ukiwaweka wawili wanalana. Kila asubuhi kabla ya stendi aliwakatia majani machanga ya mahindi. Mlezi mwema hazidi pale.

Jamleck ndiye aliyeziona. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuita watu kwenye kikao cha usalama, akakuta mlango wa Cheruto uko wazi. Ukutani zimepangwa chupa kama dukani, na katika kila chupa kiwavi mnene anakula jani bichi, wakati mahindi ya Jamleck yamebaki kama kichungi. Hakuingia, wala hakubisha hodi. Alikuja moja kwa moja kibandani kwangu, akaketi, akaomba chai, akashindwa kuinywa.

"Anawafuga," akasema. "Wangechi, huyo mama anafuga viwavi."

Kufikia saa sita habari ilikuwa imefika mpaka kwa watu wasiokuwa na mahindi. Karani na yule Mhindi wana mpango. Wanazalisha viwavi, wanawaachilia mashambani, halafu msichana ataleta dawa ambayo yeye peke yake anayo. Na msimu huo watoto walikuwa wametoka malengelenge shingoni na mikononi, kwa hiyo hilo nalo likapata mwenyewe: ni wale nyigu wa taa yake. Tunamjua Nairobi fly, yule mdudu mdogo mwenye mistari myeusi na ya chungwa, ambaye ukimponda juu ya ngozi unaungua. Lakini walioonekana ukutani ni nyigu, na siku zote mwizi ni yule aliyeonekana. Mimi pia nilisema yangu. Siwezi kujitetea na sitaki. Ushahidi ulikuwa mbaya: mtu mwenye akili zake hafugi adui na kumlisha asubuhi.

Kikao kilifanyika palepale stendi. Jamleck alikuwa amekwishapiga simu kwa sosaiti, na sosaiti ikajibu kama wanavyojibu watu wa ofisini, kwamba wakulima wakikosa imani na karani, ataletwa mwingine mwezi ukiisha. Sote tulielewa maana yake. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Kipkorir, na ndiyo pekee Cheruto aliyonayo. Mjane wa umri wake haanzi ukarani mahali pengine. Na hata wangemwacha kwa huruma, mpimaji akishashukiwa, kipimo chake kinakuwa kijiti tu. Mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba siku ya nyani kufa miti yote huteleza, na wengine wakacheka kichinichini. Walikuwa wameingoja siku hiyo kwa muda mrefu, kila mmoja na mkebe wake wa zamani rohoni.

Jamleck alisimama. Hakupaza sauti.

"Mama Kipkorir, wewe umetupima miaka yote. Leo ni siku yako. Hizo chupa zilete hapa tuzichome, na huyo msichana asirudi. Ukifanya hivyo, mimi mwenyewe naambia sosaiti maneno imeisha."

Palikuwa na njia ya kutokea, na mimi ningepita hapo mbio. Kuchoma chupa ni jambo la dakika chache. Lakini baadhi ya viwavi walikuwa wameshaingia udongoni, na Hemali alikuwa amemwambia kwamba sasa ndio wakati wenyewe, kilichomo humo kiko karibu kutoka. Cheruto alitutazama mmoja mmoja, kama anavyotutazama kabla ya kufungua kifuniko.

"Maziwa yenu napima mkiwa mnaona," akasema. "Na mimi nipimeni hivyo hivyo. Kila mtu alete kiwavi wa shamba yake, kwa chupa yake, afunge mwenyewe. Hizo zangu mkitaka mtachoma baadaye. Tungoje tuone nini itatoka. Ikitoka uongo, nitaenda mwenyewe, hakuna mtu atanisukuma."

Jamleck akauliza, na malengelenge ya watoto je? Cheruto alikunja mikono yote miwili ya sweta. Alikwenda nyumbani, akarudi na nyigu mmoja kwenye kichupa, akamwachia atembee juu ya mkono wake wa kushoto mpaka akaruka zake. Kisha akachakura kwenye nyasi za napia kando ya stendi hadi akampata Nairobi fly, akamweka juu ya mkono wa kulia, na kumponda kwa kidole gumba mbele ya macho yetu. Mwanamke mmoja akasema Yesu wangu. Cheruto akatuambia tutazame mikono hiyo kuanzia kesho.

Tulitazama. Mkono wa kulia uliwiva, ukatoka lengelenge refu lenye maji, akawa anashindwa kuinua mkebe. Wa kushoto ulibaki safi. Alifanya kazi wiki nzima mikono imekunjwa, ingawa kulikuwa na baridi, ili kila aliyefika na maziwa aone yote miwili. Jamleck naye aliona, akageuza uso. Lakini alisema mkono ni mkono na viwavi ni viwavi, na chupa ziendelee.

Chupa ziliwekwa kibandani kwangu. Nisijisifu: hawakunichagua kwa kuwa ninaaminika. Walinichagua kwa sababu hakuna saa ya mchana kibanda hicho hakina macho ya watu, na nikifunga jioni Jamleck anaondoka na ufunguo mmoja, Cheruto na mwingine, kwa kufuli mbili. Kila mtu alifunga chupa yake kwa alama yake. Huyu alifunga uzi mwekundu, yule akapaka rangi ya kucha ya bintiye. Jamleck alifunga waya kuzunguka chandarua, akaunganisha ncha, akadondoshea nta ya mshumaa juu ya fundo. Cheruto naye aliweka ya kwake, kiwavi kutoka kishamba chake nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo nilipojua watu wa Tegat vizuri. Kila asubuhi wakishatoa maziwa walivuka barabara kuja kukagua. Walikagua chupa zao, kisha za wenzao, kisha wakanikagua mimi. Jamleck aliniuliza kama nimegusa nta. Mwingine akasema kiwavi wake amekonda, nadhani nimempa jani la jana. Kipketer, jirani yangu wa kushoto, alidai aliyekuwa kwenye chupa yake hakuwa yule aliyemleta, eti anamjua kwa uso. Niliuza mandazi kuliko Krismasi, na bado nilitamani waishe wote, viwavi na wenye viwavi.

Viwavi waliingia udongoni mmoja baada ya mwingine, na kukawa kimya. Wengine walikufa wakawa weusi. Siku zilipita, mwezi ukawa unakaribia kuisha, na watu wakaanza kumsalimu Cheruto kwa upole ule wa kumsalimu mgonjwa.

Chupa ya kwanza kutoa kitu ilikuwa yake. Tulifungua kufuli asubuhi, Jamleck akatoa ufunguo wake akaenda kukamua ng'ombe wa mwisho, tukabaki mimi na Cheruto. Na ndani ya chupa ya Cheruto, juu ya chandarua, alikuwa ametulia nondo wa kijivu, mzima kabisa, yule anayezaa viwavijeshi. Hakuna nyigu. Kiwavi wa karani alikuwa amekua mpaka mwisho bila kuliwa na yeyote.

Nilimwona alivyomwona. Nikamwambia, karani, mimi sijaona kitu. Chupa ni yako, mdudu mmoja tu, mwachilie aende, tuseme alikufa. Nilisema hivyo kwa sababu nilimhurumia, na sijui ni lini nilianza kumhurumia. Aliniangalia kama anavyoiangalia chai yangu.

Foleni ilipokamilika, aliinua chupa juu.

"Hii ni yangu," akasema. "Imetoa kipepeo ya viwavi."

Halafu Jamleck akacheka, kicheko kifupi, akasema basi kipimo kimesema. Siku mbili zilizofuata chupa ya Kipketer ikatoa nondo, na ya mkulima mwingine pia. Nitasema wazi, niliumia. Nililala nikiwaza ni nani ataletwa, na kama atakunywa chai kwangu.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Jamleck alivuka barabara kama kawaida, akainama kwenye rafu, na hakuinuka. Nilidhani mgongo umemshika. Nikasogea. Ndani ya chupa yake, ananing'inia kwenye chandarua, alikuwa nyigu mwembamba wa rangi ya chai ya rangi, tumbo kama mundu, akijisafisha miguu.

Jambo la kwanza Jamleck alilofanya ni kutushuku. Aliuliza nani amemwingiza. Aligeuza chupa huku na huku, akakagua waya, akakagua nta, akaweka kidole chake juu ya alama ya kidole chake mwenyewe iliyobaki kwenye nta. Ilikuwa ya kwake, na hakuna aliyeigusa. Chini udongoni kulikuwa na kifuko cha kahawia chenye mshipi mweupe katikati, kimekatwa juu kama yai la kuchemsha, na kando yake ngozi kavu ya kiwavi, tupu. Foleni nzima ilikuwa imehama kutoka stendi kuja kwangu. Cheruto alibaki upande wa pili na mikebe. Hakuvuka.

"Huyu alitoka kwa mahindi yangu," Jamleck akasema, lakini hakuwa anatuambia sisi.

Hemali alipigiwa simu, akaendesha gari akafika mchana huo huo. Aliangalia kwa kioo cha kukuzia muda mrefu, mpaka nikaanza kushuku kwamba ameona kitu na anataka kukificha. Kumbe alikuwa anajizuia kulia. Akampa Jamleck kioo, akamwonyesha bawa: vile vipande viwili vya asali, na chembe ya tatu kando yao. Jamleck aliangalia sana. Kisha akauliza kama huyu ndiye anayekula viwavi. Hemali akasema ndiye.

"Na anatoka saa ngapi?"

"Jioni, uncle. Giza ikiingia tu. Ile saa mnapuliza dawa."

Jamleck alimrudishia kioo, akaenda kuketi kwenye benchi langu, na safari hii aliinywa chai yote. Kabla ya mwezi kuisha chupa nyingine mbili zilitoa nyigu wa namna ile ile, na kwenye rafu ya Cheruto wakatoka zaidi. Hakuna aliyepiga simu sosaiti tena. Hakuna pia aliyeomba msamaha, maana hapa kwetu watu hawaombi msamaha kwa kushuku, wanaacha tu kulitaja.

Hemali aliwapeleka nyigu hao Nairobi, kwenye jumba la makumbusho, kuwalinganisha na walioko kwenye masanduku. Alirudi baada ya mvua fupi. Hakuna aliyefanana nao, wala huko wala kwenye picha za nchi nyingine. Ni aina mpya. Akaeleza kwamba katika hao wote huchaguliwa mmoja tu awe shahidi wa jina milele. Huchomwa sindano, na chini ya sindano huwekwa karatasi ndogo inayosema ametoka wapi, kwa kiwavi gani, na nani aliyemleta. Aliyechaguliwa ni yule wa chupa iliyofungwa kwa nta, kwa sababu hakuna awezaye kumtilia shaka. Na kwenye karatasi alitaka kuandika Cheruto.

"Chupa ilikuwa ya nani?" Cheruto akauliza.

"Ya Jamleck. Lakini auntie, kazi umefanya wewe. Bila wewe—"

"Andika Jamleck. Maziwa ya mtu hayaandikwi kwa jina ya mwingine."

Hemali alibisha kidogo, akaacha. Jamleck ndiye aliyetusumbua. Alitaka kujua kwa nini jina lake na la shamba lake yapelekwe Nairobi, nani atayasoma, na kama baadaye atatokea mtu na karatasi hiyo kudai ploti. Alimfanya Hemali amsomee maneno hayo tena na tena, akayapiga picha kwa simu, akampelekea binamu yake aliye na wakili. Ndipo akakubali. Sasa ukimkuta kule Kikopey, kwenye vibanda vya barabarani, anakula nyama na watu asiowajua, atakuambia kwamba kuna nyigu Nairobi mwenye jina lake. Hataji karani.

Asubuhi baada ya yeye kukubali, Jamleck alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa shati la kanisani. Aliuweka mkebe juu ya meza ya stendi, akafungua kifuniko mwenyewe kabla hajaambiwa, akasimama kando na mikono nyuma. Cheruto alinusa. Akakoroga. Akashika kipimo.

"Hata leo, karani?" Jamleck akauliza, nusu anatabasamu.

"Hasa leo."

Akakichovya. Sote tulikitazama kile kioo kikishuka, kikafika kwenye alama, kikaipita, kikaendelea kwenda chini.

Zamani tungesikia kelele mpaka Njoro. Kipimo kimeharibika, ni umande, karani ana chuki, naitisha kikao. Nilishika sufuria nikingoja. Jamleck alitazama kipimo, akamtazama Cheruto, akautazama mkono wake wa kulia wenye kovu la rangi ya kahawia. Akafunga kifuniko, akajitwika mkebe wake, akashuka nao nyumbani.

Nyuma yake kwenye foleni watu wawili walikumbuka kuna kitu wamesahau nyumbani, wakaondoka na mikebe yao.